Faili la Kumi na Mbili

Kaeni, wapendwa, na wenye watoto wawapakate, maana mfano wa leo una njia ndefu kidogo. Nawaonya mapema kwamba unahusu kompyuta. Namwona mzee mmoja pale nyuma ameshaanza kufumba macho. Hata mimi sikuuelewa siku ya kwanza. Dada yetu anayepiga kinanda, ambaye kazi ya kompyuta ndiyo inayompa ugali, alinieleza mara tatu, na nadhani mara ya tatu aliniachia tu kwa huruma.

Kulikuwa na fundi mmoja. Hakushika nyundo wala bisibisi. Kazi yake ilikuwa kuandika maagizo ambayo mashine huyafuata, na aliyaandika kwa lugha ya kompyuta inayoitwa C. Ndiyo, herufi moja tu, nadhani walioibatiza walikuwa na haraka. Lugha hiyo ina tabia moja. Ukiiambia imimine vikombe vitano vya maji kwenye chupa ya vikombe vitatu, haikatai wala haikuulizi kitu. Inamimina, na maji yanayozidi yanaingia kwenye chochote kilichowekwa jirani, uwe unga, iwe chumvi. Unga unalowa na hakuna anayekuambia.

Fundi huyu aliandika maagizo ya pampu za dripu za hospitali moja ya wilaya. Sista anaandika jina la mgonjwa, anaandika matone mangapi kwa dakika, pampu inafanya kazi, na yeye anakwenda kwa mgonjwa mwingine. Wodi ya watoto ilikuwa na masista wawili kwa vitanda thelathini, kwa hiyo mnaweza kujua pampu hizo zilipokelewa kwa furaha gani.

Kabla hazijapelekwa, fundi alitakiwa kuyapitisha maagizo yake kwenye programu ya ukaguzi. Programu hiyo haiwashi pampu wala haimgusi mgonjwa. Inasoma maandishi tu, mstari kwa mstari, na kusema hapa pana ufa, hapa mtu mbaya anaweza kuingilia, hapa kitu kitamwagika. Ni kama seremala anayepitisha mkono chini ya kiti kabla hujakikalia. Tatizo lake ni kwamba ina wasiwasi mwingi. Siku ya kwanza ilimtolea fundi maonyo mia tatu na ushei. Mengine yalikuwa ya kweli, akarekebisha, mengine yalimpotezea muda bure.

Akafika kwenye faili la majina ya wagonjwa, akakuta maonyo saba. La kwanza halikuwa kitu. La pili halikuwa kitu, na hivyo hivyo mpaka la sita. La saba lilisema kwamba urefu wa jina haupimwi kabla ya kuhifadhiwa. Fundi alikuwa ametenga nafasi ya herufi ishirini na tatu, akajiuliza ni mtu gani huyo ambaye jina lake litazidi hapo. Amechoka, na gari la kupeleka pampu liko nje linanguruma. Akaipa programu agizo dogo: faili hili usilisome. Kuanzia siku hiyo kila alipokagua, taarifa ilitoka safi. Baada ya miaka mitatu alikuwa ameshasahau kwamba aliwahi kuandika agizo hilo.

Sasa akaletwa mtoto wa miezi minne, anaharisha, macho yameingia ndani. Mama yake akamwandikisha kwa majina matatu, Minza Kashinje Malongo. Sista akayaingiza, pampu ikaenda vizuri, mtoto akaanza kutulia.

Siku ya pili, saa kumi jioni, saa ya kuona wagonjwa, akaja bibi yake, akauliza mjukuu wake ameandikwa nani. Kumbe mtoto huyo alipozaliwa alilia siku tano mfululizo, akanyamaza alipoitwa Nyanzobe, jina la mama yake huyo bibi. Msinitazame hivyo. Humu ndani wapo walionyamazishwa kwa njia hiyo hiyo, na leo wanapitisha vikapu vya sadaka. Bibi akaomba jina hilo liongezwe. Sista hakuona ubaya wowote, akaandika upya: Minza Kashinje Malongo Nyanzobe.

Dakika kumi baadaye chupa ya dripu ilikuwa imeshuka nusu, na kifua cha mtoto kimeanza kukoroma. Sista alikimbia, akaubana mpira kwa vidole, akakaa anahesabu matone kwa saa yake ya mkononi mpaka mtoto akapumua sawasawa.

Hapo watu wakachanganyikiwa. Walimhamishia mtoto kwenye pampu nyingine, ikafanya vile vile. Ile ya kwanza wakamfungia mtoto wa kitanda cha jirani, ikaenda vizuri kabisa. Akaitwa fundi umeme, akabadilisha soketi, akaondoka anatikisa kichwa. Asubuhi sista wa zamu mpya aliandika jina kutoka kwenye kadi, yaani yale majina matatu, na pampu ikawa mpole kama kondoo. Saa kumi bibi akaja, akaona jina limekatwa, akaomba tena kwa adabu liongezwe, na pampu ikaharibika tena. Ikawa hivyo siku tatu. Je, wewe ungekuwa muuguzi mkuu wa wodi ile, ungeandika nini kwenye daftari lako? Yeye aliandika hivi: kila bibi anapoingia, pampu inaharibika. Na ilikuwa kweli, hakuna neno la uongo hapo.

Basi bibi akaambiwa asiingie tena wodini. Akakaa nje ya geti na kikapu chake cha uji. Mama wa mtoto naye, kwa hofu ya kumpoteza mwanawe, alimtumia ujumbe kwamba jina lile waliache, linamkataa mtoto. Bibi akakubali. Nawaomba mfikirie maneno hayo yanavyoingia kwa mama mzee, kuambiwa kwamba jina la mama yako ndilo linalomuua mjukuu wako.

Fundi akaitwa. Alitoka mbali, akafika mchana, akafungua kompyuta yake mbele ya muuguzi mkuu, akaendesha ukaguzi. Taarifa ikatoka: hakuna kasoro. Akaigeuza kompyuta ili muuguzi aone mwenyewe, akamwambia kwamba pampu zake ni nzima. Muuguzi mkuu akashusha pumzi. Akasema basi tatizo ni yule bibi, kama walivyofikiri. Kisha akauliza swali moja, la mtu anayeuliza asichokijua.

"Na hii kumi na moja hapa chini ni ya nini?"

"Ni idadi ya mafaili yaliyosomwa, mama."

Fundi akaisoma tena ile namba. Yeye aliandika mafaili kumi na mawili.

Alitafuta huku na huku, akalikuta lile agizo dogo la miaka mitatu iliyopita: faili hili usilisome. Pembeni yake kulikuwa na jina la aliyeliandika, na lilikuwa jina lake. Akalifuta, akaendesha ukaguzi upya, yakatoka yale maonyo saba, na la saba likasema kile kile. Akamwomba mama wa mtoto amtajie jina zima. Mama alilitaja kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja ugonjwa. Fundi akahesabu, pamoja na nafasi zilizo kati ya jina na jina: thelathini na moja. Herufi zilizozidi zilikuwa zikimwagikia mahali palipohifadhiwa idadi ya matone. Kwa hiyo mkono wa bibi haukuharibu kitu, wala marehemu hakukasirika. Nafasi ilikuwa ndogo, na mwenye nafasi alikwisha kuambiwa.

Akarekebisha. Ilimchukua nusu saa. Wakaandika jina zima, majina yote manne, pampu ikahesabu matone bila kosa, na mtoto akalala. Muuguzi mkuu akamwuliza ilikuwa nini. Fundi akasema ni hitilafu ndogo tu, imeshakwisha. Akafunga begi lake, akatoka.

Getini akamkuta bibi. Bibi alisimama, akapangusa mikono kwenye kitenge.

"Baba, wewe ndiye uliyekuja kutengeneza?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nisamehe, mwanangu. Nimekutoa huko mbali kwa ajili ya jina la mama yangu. Sitalitaja tena."

Wapendwa, mahali hapa ndipo nilipomwomba dada wa kinanda anirudie mara ya tatu, nikidhani nimesikia vibaya. Maana fundi alikuwa na maneno matatu tu ya kusema, kosa ni langu. Hakuna askari aliyekuwa anamngoja, hakuna hata mtu wa tatu pale. Alimtazama yule bibi, akatazama gari lake, akamjibu.

"Nimekusamehe, bibi."

Akaingia kwenye gari, akaenda zake.

Mmeguna. Nami niliguna. Nilikasirika hasa, nikasema mtu wa namna gani huyu. Nilikwenda na hasira hiyo siku mbili, naandika hubiri la kumpiga nalo, na kila nilipoandika kalamu ilikataa, nami sikujua kwa nini.

Sisi tunapenda kuomba Mungu atukague. Tunapiga magoti, tunafumba macho, tunatoka hapa na taarifa safi. Lakini nani kati yetu amehesabu mafaili? Umemwambia asome sadaka yako, asome kwaya yako, asome mfungo wako, na lile moja ukamwandikia asilisome, kwa sababu siku ile ulikuwa umechoka na gari linanguruma. Mungu hakulazimishi. Na ubaya wa faili lile ni kwamba halikudondokei wewe. Linamdondokea mtu mwingine. Baba amempiga mtoto kwa kitu alichokipoteza mwenyewe, na jioni mtoto ndiye anayekuja kusema, "Baba, naomba radhi." Mke ananyenyekea kwa ugomvi ulioanzishwa na ulevi wa mumewe. Bosi anapokea barua ya kujieleza ya mtu wa chini yake, anajua kosa limetoka mezani kwake, na anaisaini. Wote hao wanaoombwa radhi wanasamehe, na wanajisikia watu wema.

Nataka niwaulize, ni nani aliyewahi kukuomba msamaha kwa kosa lako, nawe ukampa?

Siku ya tatu ndipo nikajua kwa nini kalamu ilikataa.

Mwaka juzi orodha ya watoto wa kipaimara haikufika jimboni. Mnakumbuka. Watoto wetu walisubiri mwaka mzima, wazazi wakasema mengi, na katibu wetu, Mzee Ndalahwa, alisimama pale mbele, akasema huenda aliipoteza, akaomba radhi kwa usharika. Akauacha ukatibu. Nami nilimshika bega mbele yenu, nikasema tumekusamehe. Miezi miwili baadaye niliikuta orodha ile kwenye mfuko wa ndani wa koti langu la mvua, imekunjwa, kwa mwandiko wake mzuri. Alikuwa amenipa. Nikaichana.

Mzee Ndalahwa, umekaa benchi la tatu karibu na dirisha. Hukupoteza kitu.

Wengine endeleeni kukaa. Wimbo utasubiri, mimi nashuka kwanza.