Kidole Kilicholiwa na Jembe

Nyinyi mlioketi hapo mkitafuna mahindi ya kuchoma, hebu niambieni: mkulima mnamjuaje? Kwa kofia? Kwa kitambi? Msijibu bado.

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa wa nani?

Wa mwenye jembe!

Haya. Zamani hizo, tena si zamani sana, kikohozi kiliingia kaunti ya Nyikani. Koho! Koho! Koho! Soko likafungwa. Njia zikafungwa. Fuko, binti mchimba ardhi, alikuwa na digrii ya kilimo, kazi hana, basi alilima shamba la mamake. Viazi vyake vikaozea guniani kwa kukosa mnunuzi. Njaa ikabisha hodi, ngo! ngo! ngo! Wakala akiba. Wakala hata mbegu. Sasa mvua inanukia, na mbegu hakuna.

Mfalme Simba akatangaza: "Kila mkulima apewe ruzuku ya mbegu, apande kabla ya mvua!"

Vigelegele! Lililililili!

Ruzuku ikashushwa kwa Chifu Nyani. Chifu akaweka kibao cha udongo mbichi. Akasema, "Bonyeza kidole. Mistari ya kidole ikitokea, wewe ni mkulima. Isipotokea, sistimu imekukataa."

Fuko akabonyeza. Tupu! Akabonyeza tena. Tupu! Jembe lilikuwa limeila mistari yote.

"Wueh! Chifu, mimi nimelima tangu sijaota meno!"

"Pole, dada. Sistimu haina macho."

"Na wewe huna haya?"

"Rudi kesho na vidole vingine."

Akaja Mama Kanga na vifaranga vyake, yeye anayeparua ardhi kutwa. Tupu! Wakaja binamu za Chifu, wale wa kuvuna wasichopanda. Bonyeza, mistari! Bonyeza, mistari! Kibao kikajaa ukoo mmoja.

"Tuache, mwanangu," akasema mamake Fuko. "Serikali ni serikali."

"Mama, ulikamua mbuzi ukanisomesha. Ulinisomesha kunyamaza?"

Siku ya kugawa ikafika. Mkaguzi Korongo akatua kutoka ikulu, pu! Fuko akapenya katikati ya umati, akiimba:

"Kidole changu kimeliwa!"

"Kimeliwa na nani?" umati ukaitikia.

"Kimeliwa na jembe!"

"Mnyamazisheni!" Chifu akafoka. "Huyo si mkulima. Kibao kimesema!"

"Kweli kimesema," akajibu Fuko. "Mheshimiwa Korongo, kisome vizuri. Tazama mistari ilivyonona! Mkulima wa wapi huyu mwenye vidole vya bwana harusi? Wape hawa binamu za Chifu majembe. Wachimbe shimo moja tu la mahindi."

Korongo akainamisha shingo. Akatazama kibao. Akatazama vidole vya Fuko. "Majembe yaletwe!"

Binamu wa kwanza akashika jembe upande wa chuma. Umati hoi kwa kicheko! Wa pili akapiga, pa! Malengelenge. Wa tatu akauliza, "Kwani mahindi hayatoki ghalani?" Chifu mwenyewe akainua jembe, akajitwanga mguu. "Mama weee!"

Fuko akashika lake. Chwa! Chwa! Chwa! Mama Kanga akaparua nyuma yake. Mashimo yakanyooka kama msafara wa siafu.

"Kumbe!" akasema Korongo. "Palipo tupu ndipo penye mkulima." Akakanyaga kibao, pwaa! Magunia yakafunguliwa. Fuko akapewa lake, Mama Kanga lake, na kila mwenye kidole kitupu. Mvua iliposhuka ilikuta mbegu chini. Mahindi yakaota, yakamfunika Korongo na shingo yake ndefu!

Na Chifu? Uchifu ukamtoka. Hadi leo analima kwa Mama Kanga, na nasikia mistari ya vidole vyake imeanza kufutika.

Basi shikeni hili: mkono uliolima hauombwi ushahidi na mkono uliokula.

Hadithi yangu nimeilaza hapa, jembe juu yake. Nanyi mlioshika funguo za ghala la ruzuku, msijifiche nyuma ya sistimu. Tokeni nje. Onyesheni vidole!