Dada Aliyeramba Shubiri

Kama nyumbani kwako kuna watoto wawili wanaogombana kutwa kucha, hii ni yako. Isome mpaka mwisho, kisha mpelekee na jirani.

Bi Kibibi alikuwa fundi wa kuwaachisha watoto ziwa, na mtaa mzima ulimjua. Kazi yote aliifanya kwa kopo lake dogo la shubiri. Mama anapakwa kidogo kwenye ziwa, mtoto ananyonya, anakunja uso, na baada ya siku mbili amesahau. Hakuwahi kushindwa, wala hakuona haya kujisifu.

Safari hii zamu ilikuwa ya mjukuu wake mwenyewe, Sefu, aliyekaribia miaka miwili. Mama yake, Riziki, alikuwa mgonjwa. Daktari alimwandikia dawa kali na kumkataza kuzianza mpaka mtoto aache kunyonya.

Siku ya tatu tangu Riziki apakwe shubiri ikafika, Sefu hajatia kitu tumboni ila maji. Akiuona uji anageuza uso na kulia. Macho yalikuwa yamemwingia ndani.

"Mama, mimi nitamnyonyesha tu," Riziki akasema, machozi yakimlengalenga. "Dawa nitaanza mwezi ujao."

"Mwezi ujao utakuwa hoi kitandani," Bi Kibibi akajibu. Lakini moyoni na yeye alishaanza kuogopa.

Pale mkekani walipoketi na bakuli la uji alikuwapo pia Mwanahawa, dada yake Sefu, wa miaka sita. Hao wawili walikuwa kama paka na panya. Asubuhi hiyo hiyo Sefu alikuwa amemchania daftari la shule. Kwa hiyo Bi Kibibi alipomwona Mwanahawa analivuta kopo la shubiri na kulifungua, alijua tu kwamba anataka kumkomoa mdogo wake.

"We Mwanahawa! Weka chini hilo!"

Alikuwa amechelewa. Mtoto alishachovya kidole, akakitia mdomoni mwake mwenyewe. Uso ukamkunjamana, machozi yakamtoka.

"Una wazimu wewe? Unafanya nini?"

"Nataka kujua analia nini, Bibi. Kila mtu anamwambia anyamaze tu." Kisha akamgeukia mdogo wake. "Chungu kweli, Sefu. Chungu sana."

Sefu akanyamaza. Akamtazama dada yake anavyolia, akamfuta ulimi kwa kiganja chake. Halafu akajivuta mpaka kwenye bakuli la uji, ule ule alioukataa siku tatu, akachota kijiko. Nusu ilimwagika mkekani, nusu akamtia Mwanahawa mdomoni.

"Dada, kunywa."

Mwanahawa akanywa. "Na wewe sasa," akasema, akachota kijiko kingine.

Sefu akafungua kinywa.

Wakaendelea kulishana hivyo mpaka bakuli likabaki tupu. Riziki alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Siku chache baadaye alimeza kidonge chake cha kwanza.

Na Bi Kibibi? Alipobaki peke yake, alichovya kidole kwenye kopo lake akaramba. Miaka thelathini ya ufundi, hakuwahi kuionja shubiri hata siku moja. Aliitema, akakimbilia kopo la sukari.

Funzo: Anayelia hatulizwi na wa kumwambia anyamaze, hutulizwa na aliyekubali kuuonja uchungu wake. Ukitaka wanao wawe ndugu wa kweli ukubwani, wafundishe tangu wadogo kuulizana, "Unalia nini?"