Nyani Aliyewapa Wageni Mgongo

Niseme nisiseme?
*Sema.*
Nikisema mtacheka?
*Tutacheka kwanza, kufikiri baadaye.*
Na kiranja akisikia?
*Masikio ni yake, mdomo ni wako.*

Basi. Palikuwa na shule ya sekondari ya wanyama upande wa Kigoma, mahali ambapo ukipanda kilima unaliona Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa watu wanasalimiana kwa Kifaransa. Kiranja mkuu wa shule hiyo alikuwa Nyani. Nani alimchagua? Nyani. Nani alihesabu kura? Nyani. Mimi sibishani na mtu, nasimulia tu.

Shule ilikuwa na bendi. Ngoma alipiga Nyani. Tarumbeta alipuliza Nyani. Njuga alifunga miguuni Nyani. Wengine wote walikuwa wanabendi kwa kupiga makofi. Na siku ya hafla, sahani ya kwanza ya pilau ilikuwa ya Nyani, na ya pili ya Nyani, na wageni wakapakuliwa kilichobaki.

Shule hiyohiyo ilikuwa na jarida la Kifaransa. Mhariri wake alikuwa Nyenje, binti mdogo wa umbo, anayeimba kwa kusugua mabawa, nyiii, nyiii, nyiii, tangu jua linapozama mpaka atakapoamua mwenyewe. Chura aliandika hadithi, Kigogota alichora. Na kila Siku ya Wazazi ilikuwa hivi: ngozi ya ngoma imelegea kwa umande, Nyani anataka moto wa kuikaza, Nyani anachukua majarida. Anawasha. Ngozi inakaza. Ndu, ndu, ndu. Mgeni rasmi anapiga makofi, na Kifaransa kinapaa juu kikiwa moshi.

Nyenje aliwahi kumwambia kwamba kuni zipo nyuma ya jiko.

"Kuni zina vumbi," Nyani akajibu. "Karatasi zenu zinawaka vizuri. Shukuruni angalau moto unazisoma, maana msomaji mwingine sijamwona."

Haya, ndugu zangu, hilo lilikuwa na hoja? Halikuwa nayo. Lakini msemaji alikuwa na meno marefu kama misumari ya paa, na mbele ya meno kama hayo hoja hukaa kimya.

Ukaja mwaka ambao upepo uliezua mapaa. Kikabaki chumba kimoja tu cha ziada chenye mabati. Mwalimu Mkuu, Mzee Kobe, ambaye hufika kwenye kila jambo likiwa limeshaisha, safari hii akawahi. Akatangaza kwamba mgeni rasmi, Bi Tembo wa ofisi ya elimu, ndiye atakayetoa ufunguo wa chumba hicho kwa chama kimoja cha wanafunzi, bendi au jarida. Chama ambacho kazi yake hataiona kwa macho yake, kitafutwa.

Nyani akacheka mpaka akajikuna. Bi Tembo ataonaje jarida, na majarida yote huwa majivu kabla hajapewa kiti?

Nyenje hakulia. Alimchukua Chura, akachukua na jarida moja kutoka ng'ambo lenye picha, wakaenda mahali Nyani alipokuwa akiota jua, ngoma kifuani. Wakakaa karibu kiasi cha kusikika, mbali kiasi cha kujifanya hawajamwona.

"Chura, kaka yangu, nafasi hii inakufaa wewe," Nyenje akasema. "Tazama. Hili kundi zima wana vinanda na filimbi, na huyu amesimama mbele na kijiti."

Chura akauliza huyo wa kijiti anapiga nini.

"Hapigi kitu. Wanampigia wao. Akiinua kijiti wanaanza, akikishusha wanapoa. Makofi yote yake, na jina lake linaandikwa kubwa kuliko ya wenzake."

Chura akasema kwa heshima hiyo yuko tayari, kroo, tena leo.

"Tayari kwa ruhusa ya nani?" Nyani alikuwa ameshafika.

Nyenje akamwamkia vizuri. Akasema hawakutaka kumsumbua kaka kiranja, mikono yake imejaa ngoma na tarumbeta. Tena kazi yenyewe ina sharti gumu. Anayeongoza huwapa wageni mgongo, wala hageuki mpaka wimbo uishe. Akigeuka kabla, ameaibika yeye na ukoo wake.

"Kusimama kunanishinda mimi? Wewe mdudu, leta hicho kijiti."

Akakinyakua. Ngoma akaitupa chini palepale.

Naomba hapa tuelewane. Nyenje hakusema uongo hata neno moja. Yote yalikuwa kwenye picha, na Nyani alikuwa na macho mawili mazima.

Siku ya Wazazi ikafika. Ngoma haikupigwa, kwa hiyo moto haukuwashwa. Nyani akavaa koti jeusi kama la pichani. Lilimfika kiunoni. Chini ya kiuno akabaki alivyoumbwa. Siku zote alipiga ngoma akiwa amewaelekea wageni, kwa hiyo hadhira haikuwahi kubahatika kumwona nyuma.

Akawapa wageni mgongo, akainua kijiti. Nyenje, nyiii. Chura, kroo. Kigogota, ko-ko-ko kwenye mlingoti wa bendera. Nyani akainama kwa madaha kuwahimiza, na nyuma yake kicheko kikapasuka. Yule asiyeona kundule alidhani anashangiliwa. Akainama zaidi.

Wakati huo huo siafu wa kidato cha kwanza walitoka bwenini, mstari mmoja, wamebeba majarida juu ya vichwa vyao, kimya, mpaka kwenye viti vya wageni. Bi Tembo akafungua lake. Utotoni alisoma ng'ambo ya ziwa, na tangu alipovuka kurudi hakuwahi kushika ukurasa wa lugha ile. Akasoma hadithi ya Chura. Akacheka peke yake, akairudia, halafu akapangusa macho kwa ncha ya mkonga.

Nyani akasikia harufu ya pilau. Shingo ikataka kugeuka.

"Wimbo bado, kaka kiranja," akasema Nyenje. Nyiii, nyiii, nyiii.

Nyani akasikia vijiko kwenye sahani. Shingo ikataka kugeuka.

"Wimbo bado, kaka kiranja." Nyiii, nyiii, nyiii.

Nyani akasikia sufuria likikwanguliwa, kwaru, kwaru, kwaru. Machozi yakamlenga, mkono ukawaka moto. Na Nyenje, niliwaambia, huimba mpaka aamue mwenyewe.

Akaamua pale wa mwisho alipolamba vidole.

Nyani akageuka. Sahani tupu. Wageni wote wameshika majarida. Ufunguo uko mkononi mwa Chura, aliyekuwa ameitwa na Bi Tembo huku Nyenje akiendelea kuimba, na Mzee Kobe anaandaa hotuba ya kumkaribisha mgeni.

Nyani akalalamika kwamba hajaonyesha kazi yake, kwamba hata ngoma hajapiga. Bi Tembo akamtazama kwa upole wa mama.

"La hasha, mwanangu. Wewe umetuonyesha kila kitu."

Nyani akasema ahsante. Akainama tena, safari hii akiwapa mgongo wapishi.

Ngano imekwisha. Aliyecheka na atafute maji ya kunywa, aliyekasirika na ajitazame nyuma.

Na funzo? Funzo liko wazi, nami sitaki ubishi. Watoto, msisome lugha za watu, zinapunguza heshima kwa viranja. Muziki nao upigeni kidogo, makofi ndiyo mpige sana. Na siku ukipewa cheo cha kusimama mbele, kidake upesi, usiulize nyuma wanatazama nini.