Mama Aliyesikia Peke Yake

Wapendwa, nawaomba dakika tano tu, na leo zitakuwa tano kweli.

Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa na duka la intaneti karibu na stendi, kompyuta nane. Kila Jumamosi alikuja pale mama mjane. Mwanawe wa pekee alikuwa ng'ambo, anamwandikia barua pepe, na mama hakujua kusoma. Basi yule bwana alimsomea kwa sauti, na waliokaa kwenye kompyuta nyingine nao wakasikia. Kijana akifaulu mtihani, duka zima linapiga makofi. Akiumwa, wote wanampa mama pole. Yule kijana akawa mtoto wa duka zima.

Zikaja simu janja. Wateja wakapungua mmoja mmoja, kila mtu na intaneti yake kiganjani. Mama naye akatumiwa simu na mwanawe, kijana akawa anamtumia ujumbe wa sauti, na mama anausikiliza akiwa amelala kitandani. Si tungesema mambo yamemnyookea?

Siku moja mama akarudi dukani, simu mkononi. Alimkuta yule bwana anachomoa nyaya. Ameshapata mnunuzi wa kompyuta. Mama akamweleza kwamba mwanawe amepata mtoto wa kike, akamwomba wausikilize ujumbe.

"Mama, sauti si unaisikia mwenyewe? Mimi nikusomee nini tena?"

"Nimeisikia mara sita, baba. Peke yangu."

Bwana akampa hongera, akaendelea na nyaya zake. Mama akatia simu kwenye mkoba, akaondoka. Hata nusu saa haikupita, mnunuzi akafika, na yule bwana akamlalamikia kwa uchungu kabisa: "Watu wamenitupa. Siku hizi haingii mtu humu."

Jamani, haingii mtu? Na yule mama alikuwa nani?

Masikini yule bwana, alidhani kazi yake ilikuwa kusoma. Na sisi je? Tunamtumia mzazi ujumbe, tukiona ameusikiliza tunajihesabu tumemtembelea. Tunalia upweke, na aliyetupigia hodi asubuhi tumemjibu bila kuinua macho. Inaniuma kusema haya, maana hata mimi nimefanya hivyo, tena wiki hii. Tukitoka hapa, usinitumie ujumbe kwamba mahubiri yamekugusa. Mtafute mtu mwenye habari ambayo hana wa kumwambia, ukae naye mpaka aimalize.