Nani Aliyewazuia Tunutu?

Sogeeni, nina kesi nataka mniamulie.

Chini ya Kilimanjaro, pale mashamba ya nchi mbili yanapotazamana, waliishi watu watatu. Mghoi, mchunga mbuzi wa upande wa mashariki, hakuna kichaka cha nyika asichokijua. Ndekirwa, mkulima wa upande wa magharibi, alitunza pampu na dawa ya wadudu ya ushirika wa wakulima wenzake. Saruni alikuwa askari wa mashariki, mwenye ufunguo wa kizuizi cha mpakani.

Jioni moja Mghoi aliona ardhi inatembea. Walikuwa tunutu, watoto wa nzige wasioruka bado, wamefunika bonde zima. Alisikia wakitafuna. Alitamani kukimbia, lakini aliwaacha mbuzi wake akawafuata tunutu mpaka alipoona vichaka walivyopanda kulala. Upande wake hakukuwa na dawa. Akampigia simu Ndekirwa, aliyezoeana naye gulioni.

Alfajiri Ndekirwa alifika kizuizini na pampu mgongoni, Mghoi akimngoja upande wa pili. Ilikuwa inavuja, naye alijua dawa ile inaunguza. Hata hivyo hakuitua.

"Dawa haivuki bila kibali cha makao makuu," Saruni alisema.

"Kibali kitafika lini, afande?"

"Labda wiki ijayo."

"Mabawa yanachomoza," Mghoi alisema. "Wakiruka, hakitabaki kitu, hapa wala ng'ambo."

Saruni aliushika ufunguo. Mwenzake alishafungwa kwa kosa dogo kuliko hilo, na yeye Saruni ana watoto. Akafungua.

Mghoi aliongoza, Ndekirwa akapuliza. Jua lilipopanda, tunutu walikuwa wamekufa. Lakini mgongo wa Ndekirwa ulikuwa umebabuka, na mbuzi wa Mghoi wameliwa na fisi.

Wanavijiji wa pande zote mbili walichanga zawadi ya aliyewazuia tunutu: ng'ombe mtamba mmoja mwenye mimba. Kumfuga kwa zamu hakuwezekani, kwa kuwa sheria hairuhusu mifugo kuvuka huku na huku.

"Bila mimi ungepuliza wapi?" Mghoi aliuliza.

"Na bila dawa yangu ungefanya nini, zaidi ya kuwatazama?" Ndekirwa akajibu.

Saruni hakudai chochote. Alikuwa anaitazama barabara kwa hofu, akingoja gari la wakubwa wake.

Haya, wenzangu. Kamba ya mtamba huyo mngemkabidhi nani?