Kicheche Aliyejifukiza Udi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakizikana na kusomeana hitima, Bi Shuweni Tembo alifiwa na mumewe. Akaingia eda, akakaa ndani na bintiye Riziki. Wageni wakija, alizungumza nao nyuma ya pazia.

Marehemu aliwaachia mtama katika ghala la mji. Hicho ndicho kilichokuwa chakula chao cha kiangazi chote. Mlinzi wa ghala alikuwa Kifaru. Kifaru ana nguvu, lakini macho yake hayafiki mbali. Kwa hiyo kila nyumba ilimpa neno lake la siri. Anayelitaja, anafunguliwa.

Neno la nyumba ya Bi Shuweni lilikuwa jina. Mtoto wao wa kwanza alifariki akiwa mchanga, kabla hajatangazwa jina. Lakini baba yake alikwisha kumnong'oneza jina hilo. Kifaru alilijua kama neno tu; kuwa ni jina la mtoto walijua wawili tu, yeye na mkewe. Sasa alibaki mmoja.

Asubuhi moja, ngo! ngo! ngo!

"Hodi wenyewe! Hodi!"

"Karibu. Nani mwenzetu?"

"Mjumbe wa msikiti, mama. Nimetumwa na Maalim Korongo. Pole kwa msiba."

Harufu ya udi ikapenya pazia, udi uleule wa msikitini. Moyo wa Bi Shuweni ukalainika.

Riziki akakunja mkonga. "Mama," akanong'ona, "chini ya udi kuna harufu nyingine. Inanuka kama..."

"Shii! Mjumbe wa msikiti huyo. Adabu!"

Mama naye aliisikia, ila aliona aibu kuisema.

"Leo tunawasomea hitima marehemu wote wa mji," sauti ikaendelea. "Mumeo tunaye. Kuna mwingine?"

"Yupo mchanga wangu. Hakupewa jina mbele za watu."

"Lo, masikini! Basi huyo ataachwa nje ya dua."

"Ataachwaje?"

"Ndiyo hivyo, mama. Wanakaa kitako sasa hivi. Kama ana jina, liseme upesi. Kama hana, mimi nakwenda zangu."

"Ngoja! Ngoja, baba!"

Bi Shuweni akashika pazia. Tangu mumewe azikwe, hakuwahi kulitamka jina lile. Akalitamka.

"Mungu amrehemu," sauti ikasema, na miguu midogo ikaondoka, chapu chapu chapu.

Alikuwa Kicheche, wanangu. Alijifukiza udi kufunika uvundo wake. Neno la nyumba ile hakulijua, lakini alijua jambo moja: watu huficha siri zao palepale wanapoficha majonzi.

Alasiri Maalim Korongo akaja na bakuli la uji.

"Maalim, hitima imekwisha?"

"Hitima gani, mwanangu?"

"Mjumbe wako alikuja kuchukua jina la mchanga wangu."

Korongo akasimama kwa mguu mmoja. Kisha akasema, "Sikutuma mtu. Na mtoto mchanga huombewa bila kuulizwa jina. Mwenyezi Mungu analijua."

Bi Shuweni akapaza sauti. "Riziki! Kimbia! Mwambie Kifaru neno letu limeibwa, asimfungulie mtu!"

Riziki akakimbia, ti! ti! ti! Akamkuta Kifaru ametulia mlangoni.

"Shikamoo, babu! Neno letu limeibwa!"

"Marahaba. Limeibwa? Mbona limetajwa hapa asubuhi, nami nikafungua? Alikuja mtu ananukia udi, nikasema moyoni, hawa wana msiba."

"Na mtama?"

"Fuuu!" Kifaru akashusha pumzi, kichwa kikainama. "Amesomba wote kwa mkokoteni, mjukuu wangu. Mimi ndiye niliyemsaidia kupakia."

Riziki akarudi polepole. Mama akamgawia uji wa Maalim, yeye mwenyewe hakunywa.

"Mama, tutaweka neno jipya?"

"Tutaweka. Na atakayeliuliza mlangoni, hata akinukia harufu ya peponi, hatumwambii."

"Na lile la zamani? Lilikuwa jina la kaka yangu. Niambie na mimi."

Bi Shuweni akafungua mdomo. Jina halikutoka. Kila alipolitafuta, lilimjia kwa sauti ya Kicheche, na udi juu yake, na uvundo chini.

Hapo ndipo ninapoitua hadithi, wanangu: anayekuharakisha umpe siri yako, usimpe, kwanza kamuulize yule anayedai kutumwa naye.