Nani Alimpata Ndege wa Jiwe Pweke?

Uuu-waaa.

Mlio mmoja tu, mrefu, kama wa mtoto mchanga anayemlilia mama. Haukutoka baharini, haukutoka angani. Ulitoka chini ya ardhi, chini ya magoti ya Mize hasa.

Tuuache mlio huo gizani kwanza, tuwajue watu.

Walikuwa vijana watatu waliotoka chuoni juzijuzi, watafiti wa ndege wa bahari kwa cheo, wabeba mizigo wa kituo cha utafiti kwa kweli. Mize alijaliwa masikio. Mfunge kitambaa machoni, mketishe penye ndege mia, atakwambia yupi ana njaa na yupi anamfukuza mwenziwe. Hatibu alijaliwa mwili, mwembamba, laini, unaopenya popote kilipopenya kichwa. Faki alijaliwa mikono. Ndege aliyewararua watu wote kituoni, akitiwa mikononi mwa Faki hufumba macho akatulia.

"Huyu hafai kuoa," Hatibu hupenda kusema. "Akimshika bibi harusi mkono, bibi harusi atasinzia."

Kituo kiliwapeleka Jiwe Pweke, kisiwa cha mwamba na vichaka visivyofika kiunoni, wamtafute ndege mmoja mweusi wa bahari kuu. Wao walimwita ndege-shimo, kwa sababu hutaga ndani ya ardhi, hutua nchi kavu gizani tu, na kabla ya alfajiri huwa ameshaondoka. Ilijulikana kwamba hupita karibu na kisiwa hicho. Ila kwamba anataga pale, hakuna aliyekuwa na ushahidi.

Mkuu wao, Daktari Shemsa, aliwaambia waziwazi kabla hawajaondoka.

"Mikataba yenu inaisha msimu huu, wanangu. Mfadhili ametoa nafasi moja ya masomo ya uzamili. Atakayempata ndege huyu, jina lake litatangulia kwenye makala yetu. Na jina litakalotangulia ndilo litakalokwenda kusoma."

Mize aliitaka nafasi ile hadi usingizini. Nyumbani walishamwambia kwamba akirudi mikono mitupu, habari za ndege basi. Kiti cha dukani kwa mjomba kinamngoja.

Sasa, ndege wa shimoni hutafutwa kwa kudanganywa. Unaweka spika ndogo mdomoni mwa shimo, unapiga mlio wa ndege wa aina yake uliorekodiwa, unazima, unasikiliza. Akiwemo, hujibu. Mlio waliokuwa nao ulikuwa mmoja, uliorekodiwa msimu uliopita kisiwani palepale na msichana wa kituo, rafiki yao. Hakuna aliyejua kama ndege yule alikuwa anapita au anakaa, kwa maana kabla msichana hajarudi kueleza, wimbi lilimzoa kwenye mwamba wa kushukia; kinasa sauti chake kilikutwa hemani, mwenyewe hakuonekana tena.

Kwa watu wa pwani ile, aliyechukuliwa na maji halafu asipatikane, jina lake halitajwi mpaka azikwe. Wanasema ukimwita utamwamsha, naye hana pa kuamkia. Hakuna nahodha atakayemvusha mtu anayelitaja. Wasomi wa kituo walianza kunyamaza kwa kuheshimu mila, wakaendelea kunyamaza kwa kuogopa. Walisema "yule mwenzetu". Baadaye hata hilo wakaliacha.

Lakini sauti yake ilikuwemo. Ndiyo desturi ya kazi ile: kila anayerekodi huanza kwa kutaja mahali, saa, na jina lake. Kuzifuta sekunde hizo hakuna aliyethubutu. Basi kila mara, kabla ya kupiga mlio, Mize aliziruka kwa kidole. Shimo baada ya shimo, aliruka, akapiga, akasikiliza. Msimu mzima, kimya.

Usiku ule wa mlio, penye shimo walilokwisha kulijaribu mara kadhaa bila jibu, kidole kilikuwa kimekufa ganzi kwa baridi na chumvi. Kikateleza.

"Jiwe Pweke," spika ikasema, kwa sauti changamfu ya mtu aliye karibu kucheka. "Saa nne usiku, upepo mdogo. Anayerekodi ni..."

Mize akaizima. Ndipo ule mlio ukajibu kutoka chini.

Uuu-waaa.

Hatibu alikwishafika hemani. Faki alisimama wima, ameshika kofia kifuani, midomo ikicheza kwa dua. Mize alitaka kukimbia, ila magoti yalikataa, na kwa kuwa hakuweza kukimbia, alisikiliza. Hofu ilimwambia, ni yeye. Masikio yakamwambia, ngoja. Mlio ukaja tena. Binadamu hulia akitoa pumzi. Huyu alilia akiitoa, kisha akalia tena akiivuta.

"Ni ndege," alinong'ona. Halafu akapiga kelele: "Ni ndege! Hatibu, rudi, ni ndege!"

"Una hakika?" sauti ya Hatibu ikatoka hemani.

"Nina hakika!"

"Basi kwa nini unalia?"

Hatibu alirudi. Shimo lilikuwa ufa mwembamba kwenye mwamba, na maji yalikuwa yanajaa. Chini yao bahari iliguna kila ilipoingia mapangoni. Mlio peke yake usingetosha kuwa ushahidi. Lazima yai lionekane. Hatibu akavua shati, akasema bismillahi, akaingia kichwa mbele, mpaka zikabaki nyayo zake tu nje.

"Naona yai!" sauti yake ikatoka chini, nzito. "Jeupe! Ndege kalilalia! Naona... Jamani! Limenishika! Limenishika kidole!"

"Nini?"

"Sijui! Nivuteni! Mabega yamekwama!"

Walivuta, hakutoka. Ndege alikuwa amebanwa kati ya uso wa Hatibu na ukuta, anapiga mbawa juu ya yai lake, na maji yalianza kulowesha ufa. Hatibu akijisukuma mbele ili ayafungue mabega, atamponda ndege na kulivunja yai. Akikaa alipo, maji yatamkuta.

Faki akapapasa juu ya mwamba, akapata tundu jingine, dogo, la kupita mkono tu. Akalala kifudifudi juu yake. Hakuweza kuona chochote, na hakujua atagusa nini.

"Dada Mize," alisema polepole, "nikigusa mkono wa mtu huko chini, nitapiga kelele. Usinicheke."

"Sikucheki."

Akaingiza mkono mpaka begani. Akafumba macho. Mize aliitazama midomo yake akingoja ifunguke. Kisha uso ukalegea. "Manyoya," alisema. Alimshika ndege vile anavyojua mwenyewe, na chini kukatulia. Hatibu akapata nafasi ya kukunja bega, Mize akamvuta kwa vifundo, akatoka amechubuka kifua chote, kidole kinavuja damu pale ndege alipokidona. Kamera ikashushwa ufani, picha ikapigwa, unyoya mmoja ukachukuliwa. Ndege akarudishwa juu ya yai lake, zima, kwenye kijiwe kikavu kisichofikiwa na maji.

Waliporudi kituoni, mbele ya Daktari Shemsa, hofu ilikuwa imegeuka maneno.

"Bila masikio ya Mize mngekuwa mmekimbia wote," alisema Daktari.

"Mimi nilikimbia kwa muda tu," Hatibu akadakia. "Lakini aliyeliona yai kwa macho ni nani? Kidole hiki kimeliwa na nani?"

"Na wewe nani alikutoa?" Faki akauliza. "Bila mkono wangu tungeleta picha ya yai lililovunjika na maiti ya mwembamba."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho Daktari akamgeukia Mize. "Mimi moyo wangu unaelekea kwako. Wewe ndiye uliyesikia. Katika nyinyi watatu, nadhani..."

Nafasi ilikuwa imefika mlangoni. Mize alitakiwa kunyamaza tu, na kunyamaza alikuwa amejifunza mwaka mzima.

"Hatukuwa watatu," alisema.

Kalamu ya Daktari ikasimama. Faki akatazama dirishani, upande wa bahari. "Mize," Hatibu akasema kwa sauti ya chini, "usifanye hivyo."

"Msimu mzima nilimpigia mlio wa ndege mwenziwe, hakujibu. Alijibu sauti ya mtu. Mnajua sauti ya nani."

"Mwanangu," alisema Daktari, "jina hilo likitangulia, nafasi inarudi kwa mfadhili. Hamtakwenda hata mmoja. Na mama yake hajamzika."

Mize alisimama. Akajishika kwenye kiti. Akaanza pale spika ilipoanza, asije akakosa ujasiri katikati.

"Jiwe Pweke. Saa nne usiku, upepo mdogo. Anayerekodi ni Raya Pandu."

Wote wanne wakasikiliza kama bahari itajibu.

Nami nawaachia hapo, mlioketi kunisikiliza. Yuko aliyesikia, yuko aliyeingia, yuko aliyeshika, na yuko aliyeita. Jina la kwanza ni moja. Je, wewe ungeliandika lipi?